Daraja Lililokataa Kukaa Kinywani mwa Nafula

Kitale, nyuma ya soko,
wakati wa palizi

Kwa Naliaka, mdogo wangu, tuliyenyonya naye ziwa moja,

Mulembe, mulembe kwa mji wote. Goti lako la kushoto limelala, au bado linakuamsha? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mmeezeka ule upande wa ghala unaovuja, au mvua na panya bado wanagawana mahindi yenu? Nijibu hayo yote moja moja. Usinijibu ati "sote wazima" kama mtu anayemfukuza mgeni mlangoni. Mimi ni mzima. Mgongo unauma, lakini mgongo ni wangu, nimeuzoea.

Anayeandika ni Mama Saida, jirani yangu, mke wa fundi cherehani. Yeye ni mtu wa Pwani, kwa hiyo Kiswahili ni chake na maneno ni yangu. Atakayekusomea najua ni Mwalimu Barasa wa kanisani. Mwalimu, mulembe nawe. Soma yote. Mara iliyopita ulifika mahali nilipomkemea mdogo wangu ukasema wino umefutika. Wino haukufutika. Soma.

Naliaka, ujumbe wako ulinifikia. Yule mama wa mboga kutoka Misikhu aliuleta mzima mzima bila kuutia sukari. Ati Nafula akirudi na meno ya Mhindi mdomoni asikanyage kizingiti chako. Ati amewakataa watu wake. Ati taya zikimfunga siku moja, na pengo limezibwa, uji utapitia wapi? Nimesikia. Lakini wewe umesema ukiwa umekaa, na mimi tangu mtoto huyu aje kwangu sijakaa. Nikikaa nasimama. Nikisimama natembea hadi posta, na nikifika posta sijui cha kufanya, narudi.

Huyu mtoto ni mjukuu wangu kwa tumbo, lakini kwa mikono ni wako. Wewe ndiye uliyemlea tangu mama yake afe, mimi nikiwa huku nalea watoto wa watu. Na shule aliyopewa kufundisha iko hapo hapo Misikhu, na nyumba anayoijua ni yako. Ukimfungia mlango atalala wapi? Kwa hiyo nataka ujue kilichotokea, kisha useme tena.

Alipotoka chuo cha ualimu alikuja kwangu moja kwa moja, hata mzigo hajautua.

"Kukhu," akasema, "nataka meno."

"Meno gani? Si unayo, mdomo umejaa?"

"Yale mawili ya chini, ya mbele. Mliyoyatoa."

"Tuliyatoa kama tulivyotolewa sisi, na mama zetu, na mama zao."

"Najua, Kukhu. Silaumu mtu. Lakini nataka kucheka mbele ya watoto wa shule bila kuweka mkono mdomoni."

Nilimtukana, Naliaka. Nilimtukana mpaka nikaishiwa, naye akawa ananimenyea viazi. Kesho yake nikaenda kwa yule daktari wa meno, Mhindi ambaye nimemlelea watoto wake wote tangu wakiwa wekundu. Nikamwambia, "Daktari, mjukuu wangu anataka meno." Akasema, "Mlete, mama mzee. Tutamtengenezea daraja." Nikamwuliza tangu lini mdomoni kukawa na mto.

Akanieleza. Meno mawili ya kaure, udongo ule wa vikombe vya chai vya wazungu, yanaunganishwa na vifuniko viwili vya kaure hiyo hiyo. Vile vifuniko vinavishwa juu ya meno ya pembeni, moja huku na moja huku, ndiyo yanayobeba. Lakini kwanza yale ya pembeni lazima yachongwe yawe visiki, ili kofia iingie. Nikasema, "Unachonga jino zima, lililo hai, ili libebe lililokufa?" Akasema ndiyo. Nikamtazama Nafula. Nafula akasema, "Achonge."

Akachonga. Sasa fahamu hapo, dada, maana ndipo usingizi wangu ulipokwisha. Jino si kucha. Likichongwa halirudi. Tangu saa ile, ama daraja likae, ama mtoto abaki na pengo lile lile na visiki viwili pembeni yake, na kila maji baridi yakigusa visiki anaruka.

Ili fundi wa Nairobi atengeneze kaure, anataka kuona mdomo, na mdomo haupandi treni. Kwa hiyo daktari anachukua chapa yake. Ana nta ngumu ya rangi ya kahawia. Anailainisha kwa maji moto, anaijaza kwenye kijisahani cha chuma, anakikandamiza kwenye meno, inapoa, anaivuta. Ndani yake kunabaki mashimo yenye umbo la meno. Anamimina chokaa nyeupe, ikigandamana anapata mdomo wa chokaa, huo ndio unaosafiri. Kazi nzuri, nilisema moyoni. Nikampelekea daktari chai.

Daraja likaja limefungwa kwa pamba kama yai. Daktari akalivisha, akaligonga gonga kwa kidole. Akamwuliza Nafula, "Inabana? Inacheza?"

Nafula akasema, "Hapana, bwana daktari. Ni nzuri sana. Asante."

Daktari akafurahi. Akalibandika kwa saruji nyepesi ya majaribio, na hiyo saruji nyepesi ni Mungu mwenyewe, maana inabanduka. Tukarudi nyumbani. Nafula akawa hacheki. Nikasema labda bado analizoea. Kisha nikaona kuku wa Mama Saida wananenepa. Nikamvizia. Kila nikimpa sahani ya mahindi na maharagwe, anakula mawili matatu kwa upande mmoja wa mdomo, mengine anawarushia kuku.

Nilimshika kidevu. "Fungua." Ufizi ulikuwa umevimba, mwekundu, unatoka damu. Nikaweka kidole juu ya lile daraja. Lilikuwa linacheza kama kigoda chenye mguu mmoja mfupi.

"Kwa nini ulisema ni nzuri?"

"Kukhu, ningemwambiaje mzee kama yule kwamba kazi yake ni mbaya? Nimelala mbele yake, mdomo wazi. Si nyinyi mlionifundisha?"

"Tulikufundisha adabu. Hatukukufundisha kuoza!"

Lakini usiku huo nilijua amesema kweli, Naliaka. Ni sisi. Mkubwa akiuliza kama ni kizuri, binti anasema ni kizuri, hata kama kinamchoma ulimi. Wewe mwenyewe ulikula uji wa mama mkwe wako wenye mchanga mwaka mzima ukisema asante. Usikatae, nilikuwepo.

Kulipokucha nikamshika mkono nikampeleka. Daktari alikasirika, na si mtu wa kukasirika. "Mama mzee, alisema ni nzuri! Nilimwuliza!"

"Alikudanganya kwa heshima. Umesimama juu ya kichwa chake na koleo, ulitaka aseme nini? Weka kidole chako hapo."

Akaweka. Akalitoa, akaosha visiki, akakaa analigeuza geuza kwenye mwanga. Kisha akaniita. Akalainisha kipande cha ile nta, akaniambia nisimamishe vidole viwili, ncha zake ziinamiane. Akanibania nta juu yake. Ilipopoa akaivuta.

"Tazama, mama. Meno yake ya pembeni yamekaa miaka bila jirani, yameinama kuelekea pengo, kama vidole vyako. Nta ikitoka inakwaruzwa na hizo ncha, inanyooka kidogo hapa na hapa. Haikumbuki ilivyokuwa. Fundi wa Nairobi ametengeneza daraja la mdomo mwingine."

"Na hakuna kitu kinachokumbuka?"

"Kipo. Kinatoka kwenye mwani wa baharini."

Naliaka, ni ile ile halua ya mwani ambayo mkewe hupika sikukuu, inayotikisika kwenye sinia! Ukiivuta inatanuka, ukiiachia inarudi. Nikamwuliza kwa nini hakuanza na hiyo. Akajikuna sikio. "Ni kazi, mama. Unauchemsha, unauacha upoe mpaka mdomo uweze kuuvumilia, unapitisha maji baridi chini ya kijisahani ili ugande. Na ukitoka mdomoni, chokaa imiminwe hapo hapo. Nta inaweza kungoja. Mwani haungoji mtu."

Akafanya. Nilikuwepo, nilishika bakuli. Ule mwani ulipotoka kwa mvuto mmoja, nuu, niliona ndani yake kila jino la mjukuu wangu, linang'aa, hata ule mstari mwembamba ambapo ufizi unakutana na kisiki. Nikasema sasa tumemaliza.

Honi ikalia nje.

Alikuwa mzungu mmoja wa mashamba ya upande wa Saboti, jino lake la bandia limevunjika. Hapa Kitale mzungu akipiga honi, Mhindi anatoka na Mwafrika anangoja, hiyo si habari mpya kwako. Daktari akauweka mwani mezani, karibu na dirisha. "Dakika moja," akasema. Ile dakika ilikuwa na mahindi ya mzungu ndani yake, na mvua, na bei ya magunia, na mbwa wake anayeumwa. Jua la dirishani likauangukia ule mwani. Mimi na Nafula tukautazama tu, hakuna aliyejua kumimina chokaa. Daktari aliporudi, akautazama kitambo, kisha akamimina chokaa.

Daraja la pili lilipokuja halikucheza. Lilikataa kushuka. Lilikaa juu ya vile visiki kama kofia ya mtoto kichwani mwa mzee. Daktari akalibonyeza kidogo. Akalibonyeza tena. Kaure ikasema ka!

Kipande kilikuwa kimeanguka kwenye kifua cha Nafula. Ndipo mara ya kwanza nilipomwona analia, na hata hapo alifunika mdomo kwa mkono.

Daktari akakaa kwenye kiti chake kidogo chenye magurudumu, mikono magotini. "Ulikauka," akasema. "Ukikauka unajikunja. Nilijua, mama. Niliporudi niliona umeanza kupoteza maji, nikajipa moyo."

"Kwa nini uliinuka?"

"Yule bwana akienda kuwaambia wenzake kwamba alingojeshwa nje kwa sababu ya..." Hakumaliza. Mimi nilimalizia moyoni. Nilitaka kumkasirikia, Naliaka, nikashindwa. Naye ana mtu wa kumpigia honi.

Siku ya kuchukua chapa ya tatu nilibeba kigoda changu kutoka nyumbani. Daktari akauliza ni cha nini. Nikamwambia, "Wewe fanya kazi yako." Nikakiweka barazani, katikati ya mlango, nikakaa, nikatandaza kanga yangu. Nyuma yangu nikasikia sufuria ya mwani inachemka, kisha maji yanapita, kisha kimya. Na Mungu anavyopenda kutujaribu, gari likaja. Si yule wa kwanza, mwingine, mwenye shingo nyekundu.

"Wapi daktari?"

"Ndani, bwana. Jambo."

"Ita yeye."

"Hawezi sasa. Ana mkono ndani ya mdomo wa mjukuu wangu."

"Mimi nasema ita! Toka mlangoni, mama."

"Magoti, bwana. Nikishakaa, kuinuka ni kazi."

Akanitazama. Nikamtazama. Nisikudanganye, nilifikiri leo nalala kituo cha polisi na uzee wangu. Akarudi kwenye gari, akaegemea honi, akaiacha ilie. Ndani nikasikia viatu vya daktari vinasimama. Honi inalia, viatu vimesimama. Nikapiga kelele bila kugeuka, "Daktari! Mwanangu! Mimina chokaa!"

Kisha nikasikia kijiko kinakoroga chokaa kwenye bakuli la mpira, haraka haraka, kama mtu anayesonga ugali wageni wameshafika. Sijasikia sauti tamu kama hiyo. Yule mzungu alipiga honi mpaka mbwa wa mtaani wakaanza kumjibu, halafu akaondoka na vumbi lake. Hajarudi. Daktari hajanilaumu, wala hajanishukuru. Mkewe ananipa chai bila kunitazama. Labda nitafukuzwa, labda la. Sijui.

Sasa tunangoja kifurushi kutoka Nairobi. Baridi ya asubuhi ya Kitale unaijua, ile inayoshuka kutoka mlima Masaba na kukaa juu ya mahindi kama blanketi lililolowa. Nafula akitoka nje anafunga kitambaa mdomoni, maana hewa yenyewe inamchoma visiki. Hatafuni kitu. Namwekea uji, usiwe moto, usiwe baridi, anaunywa kwa mrija. Na unajua mrija unapita wapi? Palepale kwenye pengo. Kwa hiyo cheka, Naliaka, najua unacheka. Pengo lenu limefanya kazi yake. Lakini ukishacheka, nisikilize. Huyu si mgonjwa wa taya. Ni mwalimu ambaye shule inamngoja, na anakunywa uji kama mtoto wa kuachishwa ziwa kwa sababu alithubutu kutaka kitu. Siku taya zikimfunga, Mungu aepushe, nitamng'oa hayo meno ya kaure kwa mkono wangu na kumnywesha. Hilo ndilo jibu la swali lako. Kwa sasa nataka yaingie.

Je, yasipoingia? Daktari anasema visiki haviwezi kuchongwa tena, vimebaki vyembamba. Na Nafula? Nimemkuta amesimama mbele ya kioo cha Mama Saida anafanya mazoezi ya kusema "watoto, simameni", mkono mdomoni. Nimetoka nje. Nimepalilia shamba la mtu asiyenituma.

*

Mama Saida alikuwa amekwisha kukunja barua hii. Nimemwambia aikunjue.

Kifurushi kimekuja. Daktari alimtuma mtu aniite nikiwa nafua, nikaenda na povu mikononi. Nafula alikuwa ameshalala kwenye kiti, amefumba macho. Safari hii daktari alifunga mlango, akageuza ufunguo. Akalitoa daraja kwenye pamba. Akalivisha. Lilishuka, Naliaka. Lilishuka lenyewe, bila kusukumwa, kama mguu unaoingia kwenye kiatu chake. Mimi nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti.

Daktari akauliza, "Inabana?"

Nafula akafumbua macho. Akanitazama mimi, kisha daktari. Akasema, "Bado, bwana daktari. Upande wa kushoto inatangulia kugusa. Nikiuma, inagonga hapa kwanza."

Kwa mzee kama baba yake! Amelala, mdomo wazi! Nilitaka kuruka. Daktari naye akatabasamu, akampa karatasi nyembamba nyeusi aiume, akaona doa, akalisugua kidogo tu, kama unavyopangusa unga. "Na sasa?"

"Bado kidogo."

Akasugua tena. "Na sasa?"

Akauma. Akauma tena. Akapitisha ulimi. "Sasa ni nzuri," akasema, na safari hii nilimwamini.

Alibandika kwa saruji ya kudumu. Tulipofika nyumbani Mama Saida alimpa hindi la kuchoma, la shamba la mtoni linalowahi, kwa dhihaka. Akalitafuna hadi kwenye gunzi, kuku wanatazama kwa huzuni, nasi tukaanza kucheka. Nafula akacheka, mikono yote miwili imeshika hindi, mdomo wazi hadi koo.

Naliaka, nikuambie kitu ambacho sijamwambia yeye. Pengo lile lilikuwa la mama yake. Kila mtoto huyu alipocheka, hata nyuma ya vidole, nilikuwa namwona binti yangu anapita. Leo nimemtazama, pengo halipo, na binti yangu hakupita. Nimesingizia moshi wa jiko, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kilio cha msiba, maana hata siku ya kumzika sikuwepo. Niliporudi alikuwa bado anacheka. Nikakaa, nikamtazama sana. Ni sura nyingine. Sikuwahi kuiona. Ni ya Nafula.

Salamu kwa mume wako, na aache ugoro, ndio unaomkohoza. Salamu kwa mke wa mwanangu wa kwanza, mwambie shuka la mtoto nitalituma na lori la magunia. Salamu kwa mzee wa ukoo anayelinda mpaka wetu wa mtoni, na kwa yule bibi kipofu anayesuka vikapu. Mwalimu Barasa, asante kwa kusoma. Kunywa maji.

Nafula anakuja na basi la siku ya soko. Hatafunika mdomo, nimemkataza. Wewe simama mlangoni kama ulivyoapa, kaza uso wako. Akifika atakwambia "Mulembe, Kukhu," na atacheka, kwa sababu ana hamu nawe. Mtazame hapo. Ukishamtazama, ndipo umfungie mlango, kama mkono wako utaweza.

Mimi dada yako mkubwa, ambaye leo amekaa,

Nekesa